Unajifunza kuandika programu? Usione haya kuuliza

Jumapili moja mwaka jana, programu niliyoandika kwa mikono yangu ilimtangazia mama mmoja wa chama kwamba akiba yake ni 500200.

Mama huyo huuza viatu vya mitumba hapa Githurai. Mwezi wa kwanza alitoa Sh500, mwezi wa pili akatoa Sh200. Hata kama hujawahi kugusa kompyuta maishani, jibu unalijua: Sh700. Lakini programu yangu, kazi ya wiki sita nzima, ilisema ana nusu milioni na ushee.

Akina mama walicheka hadi chai ikamwagika. "Basi nipe zangu leo leo, nihamie Runda!" akasema mwenye akiba. Mimi pia nikacheka, kile kicheko cha kufunika aibu. Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka: mama yangu.

Hebu nikwambie kwa nini. Chama hicho ndicho kilichomkopesha pesa za karo yangu ya mwaka wa kwanza chuoni. Nilisoma mwaka mmoja na nusu, maji yakazidi unga, nikarudi nyumbani. Cheti sikupata, lakini mkopo haukuondoka. Mama alikuwa bado anaulipa polepole kila mwezi, mbele ya wale wale waliokuwa wakicheka. Programu hiyo ilikuwa njia yangu ya kuwaambia kwamba pesa zao hazikwenda bure. Ndipo ikatoa 500200.

Nakusimulia haya kwa sababu najua tuko wengi. Umemaliza shule au umeachia chuo katikati, una simu, una bando la usiku, na umesikia kwamba mtu anaweza kujifunza kuandika programu bila kuingia darasani. Ni kweli, anaweza. Ila kuna jambo ambalo wengi hawatakwambia: lazima utakwama. Na siku utakayokwama ndiyo itakayoamua kama utaendelea au utaacha. Siku hiyo huhitaji video nyingine. Unahitaji watu wa kuuliza, na unahitaji kujua namna ya kuwauliza.

Kodi gani tena?

Nilipomwambia mama kwamba nimeanza kusoma kodingi mtandaoni, alinitazama kwa muda. "Kodi ya nyumba hii ina mwezi haijalipwa," akasema, "na wewe unasomea kodi gani tena?"

Nilianza na simu tu. Nilipakua Pydroid, programu ya Android inayokuwezesha kuandika na kuendesha lugha ya Python kwenye simu. Python ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, na niliichagua kwa sababu moja: ukiisoma, unaelewa kidogo hata kabla hujafundishwa. Laptopu ya mtumba ilikuja baadaye, nilipopata kibarua cha kusaidia kwenye saiba.

Masomo yenyewe hayana bei. Kuna freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Quincy Larson, Mmarekani aliyekuwa mwalimu na mkuu wa shule kabla ya kujifundisha programu akiwa mtu mzima. Kuna pia CS50, kozi ya Chuo Kikuu cha Harvard inayofundishwa na David Malan, ambayo unaweza kuifuata bila kulipa hata shilingi. Ushauri wangu kwa aliye na bando dogo: anza na masomo ya kusoma, si ya kutazama. Maandishi hayamalizi bando kama video, na yanakulazimisha kuandika mwenyewe.

Maana kosa langu la kwanza lilikuwa hilo. Nilitazama video za mafunzo kama watu wanavyotazama tamthilia, moja baada ya nyingine, nikitikisa kichwa kama ninayeelewa. Kwenye video mwalimu hakwami, na akikwama, sehemu hiyo hukatwa. Ukifunga video na kufungua ukurasa mtupu, unagundua huna la kuandika. Ni kama kumtazama mtu akisukuma chapati kila siku kisha uambiwe leo ni zamu yako. Unga utakuaibisha.

Kimya cha miezi minne

Rafiki yangu aliniingiza kwenye grupu moja la Telegram la wanaoanza kujifunza programu. Kulikuwa na watu wa Mombasa, Eldoret, Kakamega, hata wachache wa Dar es Salaam. Siku ya kujitambulisha niliandika kwamba mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Uongo mtupu. Niliogopa kwamba nikisema niliacha chuo, hakuna atakayehangaika nami.

Baada ya hapo sikuandika neno kwa miezi minne. Nilisoma maswali ya wengine, nikanakili majibu, nikaondoka. Nilikuwa kama yule jamaa anayehudhuria matanga yote mtaani na hajawahi kuchanga hata mara moja. Kila nilipokwama nilijiambia: nikiuliza hili, watajua sijui kitu.

Usiku wa ile Jumapili ya 500200, aibu ya chama ilizidi aibu ya grupu. Saa nane usiku nikapiga skrini ya laptopu picha kwa simu, picha yenyewe imepinda na ina mwanga wa balbu katikati, nikaituma na maneno haya: "Wadau, programu yangu imekataa. Nisaidieni."

Dakika ishirini, kimya. Kisha mtu mmoja akajibu: "Imekataa vipi?"

Nilikasirika, sitakuficha. Si umeona picha? Lakini kabla sijamjibu vibaya, akaongeza maswali manne. Ulitaka ifanye nini? Imefanya nini badala yake? Umeandika nini hasa? Tuma maandishi, si picha. Na umejaribu nini mpaka sasa? Mwishoni akasema: punguza programu yako hadi ibaki mistari michache inayoonyesha kosa lile lile.

Programu yangu ilikuwa na mistari zaidi ya 100. Nikaanza kukata. Nikaondoa majina ya wanachama, kosa likabaki. Nikaondoa sehemu ya mikopo, kosa likabaki. Nikaondoa faini za kuchelewa, bado likabaki. Mwishowe ikabaki mistari mitatu: mmoja unaouliza mchango wa kwanza, mwingine unaouliza mchango wa pili, na wa tatu unaojumlisha. Nikaandika 500, nikaandika 200, ikatoa 500200. Nikaituma hivyo.

Jibu lilikuja upesi: "Programu yako haijumlishi, inabandika. Soma kuhusu int kisha utuambie umepata nini."

Hakuniandikia jibu. Alinionyesha mlango, nikaufungua mwenyewe. Katika Python, chochote ambacho mtu anaandika kwenye kibodi baada ya kuulizwa swali hupokewa kama maandishi, hata kikiwa tarakimu. Na ukiiambia kompyuta ijumlishe maandishi, inayaunganisha. Ni kama vibao vya matatu: ukibandika cha 44 kando ya cha 45 kwenye kioo kimoja hupati 89, unapata 4445. Neno int ndilo linaloiambia kompyuta: hizi ni namba kamili, zihesabu.

Kwani wiki sita zote sikuliona kosa hilo? Sikuliona kwa sababu nyumbani niliijaribu nikiwa na mchango mmoja tu kwa kila mwanachama. Mchango mmoja hauna wa kubandikwa nao. Kwa hivyo nilijifunza mawili usiku huo. Kujaribu programu ni kuitafutia mahali pa kuvunjika. Ukiipitisha njia ile unayojua itapita, hujaijaribu.

Nikaongeza int mara mbili. Ikatoa 700. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi, na majirani walisikia nikipiga meza.

Kabla sijalala nikaandika kwenye grupu kwamba mimi si mwanafunzi wa mwaka wa tatu, niliacha chuo. Nilitarajia kimya. Mmoja akasema yeye ni wa boda boda, anasoma akingoja abiria. Mwingine akasema ni muuguzi wa zamu ya usiku. Wa tatu akauliza kama sasa inatoa 700. Basi, hayo tu. Cheti changu hakikuwa kimemnyima mtu usingizi ila mimi.

Swali zuri ni nusu ya jibu

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mtandaoni ningeongeza kwamba anayeuliza ovyo naye atangoja sana. Watu wanaokujibu hawalipwi. Wako kazini, wako kwenye matatu, wana matatizo yao. Ukiwaandikia "imekataa" unawaomba kwanza wabahatishe shida yako ndipo waitatue.

Kwa hivyo yale maswali manne yajibu mwenyewe kabla hujaulizwa. Nakili ujumbe wa kosa wote jinsi ulivyo, hasa mstari wa mwisho, maana kwenye Python ndio unaotaja aina ya kosa. Ukiona TypeError, mara nyingi umechanganya vitu visivyochanganyika, kama kujumlisha maandishi na namba. Ukiona IndentationError, nafasi zako mwanzoni mwa mistari hazijapangwa sawa. Ujumbe huo unatisha kwa sababu umejaa Kiingereza na alama, lakini si matusi. Ni kompyuta inajaribu kukuelekeza.

Utashangaa pia kwamba mara nyingi utapata jibu ukiwa bado unaandika swali. Si uchawi. Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao The Pragmatic Programmer cha mwaka 1999, walisimulia habari ya mwandishi wa programu aliyekuwa na bata wa mpira mezani na kumweleza programu yake mstari kwa mstari hadi kosa lijitokeze. Ukimweleza mwingine jambo, unalazimika kupita kila hatua uliyokuwa unairuka. Mimi sina bata. Naelezea sufuria, na mama ameshazoea.

Je, kwa nini usiulize tu akili mnemba? Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, kila mtu ana mwalimu mfukoni. Mimi huitumia. Lakini ukiiomba ikuandikie programu nzima itakuandikia, na utabaki na kitu kinachofanya kazi usichoweza kukirekebisha kikiharibika mbele ya akina mama wa chama. Pia huweza kukupa jibu lisilo sahihi kwa ujasiri mkubwa. Itumie kukueleza, si kukufanyia. Tena mashine haitakuuliza wiki ijayo: ile kazi yako iliishia wapi? Watu wa grupu watakuuliza. Kuna wiki ambazo swali hilo pekee ndilo lililonirudisha mezani.

Si kila grupu ni la kukaa

Sasa nikuonye kidogo. Kuna makundi ambayo msimamizi anaanza na "karibuni wote" na baada ya siku tatu anataka Sh1,500 za "usajili wa kazi za mtandaoni". Toka. Kazi ya kweli haikutozi pesa ili ikuajiri. Kuna wengine ambao kila swali la mgeni ni la kuchekwa. Toka pia, makundi ni mengi. Na dada, ukiuliza swali hadharani kisha mtu akakufuata faraghani na maneno yasiyohusu programu, hudaiwi heshima yoyote. Mzuie na umripoti kwa wasimamizi. Wakinyamaza, umeshajua ni grupu la aina gani.

Ukituma programu yako mbele ya watu, ondoa kwanza nywila na funguo za siri. Siku utakapofika kwenye Daraja, mfumo wa Safaricom unaowezesha programu kuwasiliana na M-Pesa, utapewa funguo zako. Hizo ni kama PIN. Usizibandike kwenye grupu, na usizipandishe GitHub pamoja na kazi yako. Vivyo hivyo na majina na akiba za watu. Nilipotuma ile mistari mitatu, hakukuwa na jina la mwanachama hata mmoja.

Ukienda kwenye tovuti kubwa kama Stack Overflow, iliyoanza mwaka 2008, usivunjike moyo swali lako likifungwa. Pale wanataka maswali ambayo hayajaulizwa, na maswali ya anayeanza karibu yote yalishaulizwa. Tafuta la aliyekutangulia, usome majibu yake. Makundi madogo ya kwetu yana uvumilivu zaidi, na unaweza kuuliza kwa Kiswahili.

Tena Wakenya si wageni kwa jambo hili. Mapema Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wakili na mwanablogu Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake, Kenyan Pundit, akiuliza kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Watu walijitokeza kutoka sehemu mbalimbali. David Kobia, aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani, ndiye aliyeandika programu hiyo kwa siku chache tu. Wananchi wakawa wanatuma ripoti kwa SMS na kupitia mtandao. Ndiyo Ushahidi, ambayo miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010. Ilianza na mtu kuuliza hadharani jambo ambalo asingeweza kulifanya peke yake.

Zamu yako ya kujibu

Wiki tatu baada ya usiku ule, mgeni mmoja aliingia kwenye grupu letu akaandika: "Nikijumlisha 10 na 5 inaniletea 105. Nimekosea wapi?" Nilisubiri mtu ajibu. Hakuna aliyejibu. Ndipo nikajua wanaojua ni pamoja na mimi. Nikamwandikia habari ya vibao vya matatu, kisha nikamwambia asome kuhusu int na aje atuambie. Nilipokuwa nikimweleza nikagundua kuna sehemu mimi mwenyewe sikuwa nimeielewa vizuri, ikabidi nikaisome upya. Usingoje uwe mtaalamu ndipo ujibu. Mwenye kumwelewa aliyekwama leo ni aliyekwama juzi.

Sitakudanganya kwamba utaajiriwa baada ya miezi mitatu. Ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu tangu nianze. Nimetengeneza tovuti ya saluni moja na programu ya kuhesabu bidhaa za duka la vipuri. Kuna miezi ninalipwa na kuna miezi sipati chochote, na kibarua cha saiba sijakiacha. Kama unataka kuanza, chagua lugha moja, tenga dakika 45 kila siku, na tengeneza kitu cha maisha unayoyajua: daftari la madeni ya kibanda, nauli za matatu, michango ya chama. Hapo utajua haraka jibu likiwa si sahihi, kwa sababu hesabu yake unaifahamu.

Mwezi uliofuata nilirudi kwenye chama. Mweka hazina alikuja na daftari lake jeusi na kikokotoo, akanifanya nipitie wanachama wote 19, jina kwa jina. Mama wa viatu alikuwa na Sh900 sasa. Yote yakalingana. "Sawa," mweka hazina akasema, "lakini kitabu changu sitakitupa." Nikamwambia asikitupe, maana laptopu yangu ikizima stima ikipotea, kitabu chake hakizimi.

Tukirudi nyumbani, mama akaniuliza ile siku ya kwanza kosa lilikuwa wapi. Nikamweleza habari ya 44 na 45. Akatembea hatua kadhaa bila kusema neno.

"Na ulijuaje?"

"Niliuliza watu."

Basi na wewe ukikwama usiku wa leo, andika yale maswali manne, yajibu, kisha utume. Kuna mtu yuko macho.